Waliotuazima Vifua Vyao

Carabayllo, Lima
9 Juni

Mwanangu Wilder,

Salamu nyingi kutoka huku kilimani. Mimi sijambo kiasi, binti yako Yadira hajambo, anakula kama mchimba mitaro. Wewe je? Baridi ya Santiago inakutesa? Ile sweta niliyokufumia unaivaa au unaona haya?

Usishangae barua kuwa ndefu, leo siandikiwi na Delfina. Binti mmoja wa kanisani ameitengeneza simu yangu: mimi nasema, yenyewe inaandika, mpaka mikato inaweka. Miaka yote hii kila nililotaka kukwambia lilipita kwanza kwenye sikio la jirani, na Delfina unamjua, mdomo wake hauna kufuli. Sasa naweza kukwambia la moyoni.

Nakohoa, mwanangu. Tangu kabla ya Pasaka. Nilidhani ni manyunyu haya ya Lima. Wiki iliyopita gari la afya lilikuja uwanjani kupiga watu picha za kifua. Humo hamna daktari, kuna kompyuta yenye akili bandia. Inaitazama picha na kutoa jibu hujamaliza hata kufunga vifungo. Mimi imenitilia shaka. Nesi wao, Maruja, akanipa kikopo nipeleke makohozi yakapimwe.

Sijapeleka. Nilikwenda kwanza kwa mganga Teódulo. Akanipitishia simbilisi mwili mzima, akampasua, tukatazama pamoja mapafu yake, maana mnyama huyo huonyesha ugonjwa wa mtu: safi, hayana hata doa. Akasema ni mshtuko wa roho tu. Sasa nimsadiki nani? Mimi ndiye ninayepikia watoto wa jiko la mtaa, na Yadira analala kitandani kwangu. Wewe unazifundisha mashine hizo. Niambie.

Mama yako,
Eufemia


Santiago
11 Juni

Mama yangu, shikamoo.

Mimi mzima, na sweta naivaa, ila ndani ya koti. Kikohozi hicho kimenitia wasiwasi. Kunywa vitu vya moto.

Kuhusu mashine, mimi nazijua zikiwa jikoni bado hazijaiva. Kutwa nzima natia alama kwenye picha za cheri: hii imeiva, hii imepasuka, hili ni jani. Juzi mashine yetu iliona kidole cha mama mmoja mchumaji, kapaka kucha rangi nyekundu, ikaandika: cheri iliyoiva. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Hazijui kitu, Mama, zinakisia tu. Na hiyo simu inayokuandikia uwe nayo macho. Nina rafiki hapa ambaye kazi yake ni kusikiliza sauti za watu asiowajua na kusahihisha kilichoandikwa. Usiziamini hivi hivi.

Mbusu Yadira.

Mwanao,
Wilder


Carabayllo
20 Juni

Mwanangu,

Salamu. Ahsante, umenitua mzigo! Kama haijui kucha na tunda, mapafu yangu itayajulia wapi? Simbilisi hakukisia, alipasuliwa tukaona. Nesi Maruja amepanda huku mara mbili, nimemtuma Yadira akamwambie sipo. Kile kikopo nimepandia mnanaa, umeshika vizuri.

Delfina amenuna kwa kuwa siendi tena kwake kuandikiwa. Atanyamaza tu.

Mama yako,
Eufemia


Santiago
21 Juni

Mama!

Samahani, leo hata salamu sina. Sikusema usiende! Nilisema usiiamini peke yake, na hayo ni mambo mawili tofauti. Hata yetu ya cheri haikati kitu: inanyoosha kidole, kisha mtu anakwenda kutazama. Mara nyingi akifika anakuta kweli. Nilitaka uone mwanao ni mjuzi, nikaropoka.

Peleka hayo makohozi. Mtoto alale kwingine. Nakupigia, hupokei. Nakuomba, Mama, kwa magoti.

Wilder


Santiago
3 Agosti

Mama, nijibu hata neno moja. Hata tusi.

Mwanao


Carabayllo
18 Agosti

Mwanangu Wilder,

Salamu, na acha kulia, niko hai. Nilipokwisha kukujibu mara ile, nilikumbuka ulivyosema simu inasikilizwa na watu, nikaogopa ugonjwa wangu usije ukatangazwa, nikaizima na kuifungia kabatini. Leo ndiyo nimeiwasha, ikanisomea barua zako zote. Nisamehe, baba.

Aliyenitoa nyumbani ni Maruja. Siku moja tunagawa supu ya ngano, namwona kwenye foleni na sahani yake kama watu wengine.

"Nilishasema siendi," nikamwambia.

"Nimesikia, mama. Nimekuja kula."

Nikampakulia. Kikohozi kikanishika papo hapo, juu ya sahani yake. Akaketi kwenye jiwe, akala supu yote, akafuta sahani kwa mkate. Wilder, nilimtazama yule binti akila nikaona aibu ya kufa. Nyuma yake watoto wamepanga mstari na mabakuli yao. Nikang'oa mnanaa, nikamkimbilia na kikopo kwenye ngazi za kilima.

Ni kifua kikuu. Nakunywa vidonge, vinanichafua tumbo, lakini nguvu zimeanza kurudi. Yadira amepimwa, ni mzima, naye anapewa dawa ya kinga. Analala kwa Delfina, yule yule niliyemkimbia. Nilipokwenda kumwomba alisema, "Mlete," wala hakuuliza swali la pili. Kule jikoni niliwaambia wenzangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Wengine walinikimbia. Waliobaki wananiletea chakula mlangoni na kunitambia kwamba supu yao sasa inasifiwa kuliko yangu. Waongo wakubwa.

Sasa nina jambo linalonisumbua. Maruja nimempelekea viazi vya mchuzi wa pilipili kushukuru. Mashine haili. Nikamuuliza, hivi ilijuaje? Akasema ilionyeshwa vifua vya wagonjwa wengi mno hadi ikazoea. Nikabaki nawaza: vifua vya nani? Walipona wale? Wewe uko huko huko. Nitafutie majina yao, nataka wasomewe misa.

Mama yako,
Eufemia


Santiago
19 Agosti

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Nimelia kazini mbele ya watu, na sijali. Ahsante Mungu. Mwambie Maruja nikija nitambeba mgongoni hadi juu ya kilima.

Majina hayapo, Mama. Hufutwa kabla ya picha kutumika, na ni kwa heri yao, siri yao isijulikane. Lakini wengi hata hawakuulizwa. Hawajui kama vifua vyao vilikwenda kufundisha mashine, wala kama unapona wewe. Jambo hilo linaniudhi sana, halafu nakumbuka ndilo lililokupatia dawa. Nashindwa nikasirike au nishukuru.

Mwanao,
Wilder


Carabayllo
14 Oktoba

Mwanangu Wilder,

Salamu za upendo. Sisi wazima. Maruja ameshaniruhusu kukaa na watu, na nimeongezeka, sketi zinanibana.

Wewe kasirika, mwanangu, una haki, walipaswa kuulizwa. Mimi niachie kushukuru. Padre Anselmo alinikatalia kwanza. Misa ya kuombea watu, anasema, inataka majina. Nikamwambia, Padre, hawa wamefutwa majina, na sijui aliyekufa ni nani na aliye hai ni nani. Akakuna kichwa. Jumapili akasoma majina ya marehemu wote wa parokia, na kila jina jamaa zake wakaitikia "Yupo!" kama tulivyozoea. Mwisho akasema, "Na wale wote waliomwazima Eufemia vifua vyao."

Nani aitike? Wale hawana jamaa hapa. Nikasubiri, nikatazama huku na huku. Basi nikasimama, nikavuta pumzi mpaka chini kabisa, nikaitika peke yangu kwa sauti kuu: "Wapo!"

Sikukohoa, mwanangu.

Mama yako,
Eufemia