Mstari Nilioruka

Mpendwa mama,

Jana jumbe wetu hapa Temeke alitangaza karatasi mpya ya serikali: mkunga asiye na cheti hazuiwi tena kuzalisha. Wanawake walikuja kupiga vigelegele mlangoni kwetu, wakisema laiti ungekuwa hai. Niliingia ndani nikalia.

Unaikumbuka karatasi ile ya kwanza? Ulikuwa unachagua mchele, ukanipa, "Nisomee, mwanangu, macho yangu ndiyo wewe." Nikakusomea kuwa asiye na cheti akimshika mjamzito atafungwa. Chini yake palikuwa na mstari mwingine: isipokuwa maisha yakiwa hatarini na mwenye cheti hajafika. Huo niliuruka makusudi. Nilikuonea huruma kwa mgongo wako uliokuuma, hilo kweli. Lakini pia niliona haya. Mimi mwalimu, mama yangu anaitwa kila nyumba na wembe na uzi wake!

Haukupita mwezi, Mwanaidi, shoga yangu wa nyumba ya pili, akashikwa na uchungu. Mumewe alipanda baiskeli juani kumfuata mkunga wa cheti mjini. Wewe ulikaa kizingitini, mikono umeifungia ndani ya kanga.

"Mtoto kakaa vibaya, tumbo lenyewe laonyesha," uliniambia. "Mie namgeuza sasa hivi. Lakini wakinifunga, wadogo zako nimwachie nani?"

Nilikuwa nimesimama karibu yako kabisa. Neno moja tu lingetosha, nikanyamaza, nikijidanganya kuwa baiskeli haitachelewa. Mkunga alipofika, kazi yake ilikuwa kuwafunika Mwanaidi na mwanawe shuka moja.

Mama yake Mwanaidi hakukuitikia salamu tena. Watu walisema umeacha mtoto wa mwenzio afe kwa kuogopa jela. Ulikuwa ukichota maji mchana wakati kisimani hakuna mtu, na mimi nilikuona.

Kisha ukaugua. Siku ya mwisho ulinishika mkono, ukasema, "Radhi zangu uwe nazo, mwanangu. Bila wewe ningefia jela." Niliitikia amina, mama. Nilikuangalia usoni nikaitikia.

Ningekuomba radhi, lakini ulikwisha kunipa, tena kwa uongo wangu mwenyewe. Zichukue, mama. Sizitaki hivi.

Mungu akulaze pema.

Ni mimi, binti yako mkubwa