Tangazo la Kifo cha Method, Ambaye Yu Hai

Jumanne, Morogoro.

Mfupa wa nyonga ya kushoto ya Mama Anastazia umevunjika na hautaunga bila upasuaji. Ameyasema hayo daktari wa wodi leo saa tatu asubuhi, mbele ya mwanawe Method, binti yake Bernadeta, na mimi niliyesimama nyuma yao. Akaongeza kwamba asipofanyiwa upasuaji hatatembea tena. Akifanyiwa, kwa umri wake, hawezi kuahidi kitu.

Manyunyu tangu alfajiri. Uluguru yote imefunikwa, hata miti ya Kilakala naiona nusunusu.

Kwa miaka ishirini na sita nimekuwa nikiandika makosa ya watu wengine. Leo naandika langu, kwa utaratibu uleule niliowafundisha vijana wa chumba cha habari: nani, nini, lini, wapi, vipi. “Kwa nini” huja mwisho, na mara nyingi haiji kabisa.

Redio yetu ni ndogo. Tuna programu ya simu ya matangazo: vifo, vitu vilivyopotea, hali ya barabara za milimani. Watu wa Kinole, kule milimani, wanaitumia kuliko watu wa mjini, kwa sababu masafa yetu hayashiki vizuri kwenye mabonde, lakini ukipanda hadi penye maduka intaneti inashika na ujumbe unafika. Programu yenyewe inaishi kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali, ambazo hatujawahi kuziona. Matangazo tunayaweka kwenye folda ileile ya programu. Ni mpangilio wa kimaskini, ila ndio tulionao. Kwa hiyo kila tangazo jipya lilikuwa na maana moja: programu nzima ipelekwe upya.

Kazi hiyo ilikuwa ya Zawadi, mtaalamu wetu wa kompyuta. Aliifanya kwa mkono, hatua kwa hatua: anakagua, anabana mafaili, anaingia kwa nenosiri, anasimamisha toleo la zamani, anapandisha jipya, analiwasha. Dakika arobaini, mtandao ukiwa na huruma.

Mimi ndiye niliyelalamika. Nilimwambia kwamba tangazo la msiba likichelewa dakika arobaini, kuna mtu atakosa kuzika.

Akatafuta njia. Kuna chombo kilichoandikwa kwa JavaScript, lugha mojawapo ya kompyuta, ambacho kazi yake ni kutekeleza kazi nyingine kwa mfuatano ulioandikiwa. Ukikichomekea programu ndogo ya nyongeza, yaani programu-jalizi, ya kupeleka vitu kwenye wingu, zile hatua zote zinageuka neno moja. Sisi tulichagua neno “peleka”. Unaliandika, unabonyeza, na kabla dakika haijaisha toleo jipya liko hewani.

Lakini chombo hicho hakijui kitu ambacho hakikuandikiwa. Zawadi alihitaji orodha ya hatua zake zote, naye alikuwa amezizoea kiasi kwamba hakuweza kuzitaja. Nikajitolea. Alhamisi iliyopita nilikaa pembeni yake na daftari, yeye akafanya kazi kama kawaida, mimi nikaandika kila alichogusa. Nilijiona ninafaa kwa kazi hiyo. Kuangalia na kuandika ndiyo kazi pekee ninayoijua.

Kati ya hatua ya nne na ya tano simu yangu iliita. Diwani mmoja, habari za maji. Nilitoka barazani. Nadhani nilikaa huko dakika tatu.

Katika dakika hizo tatu Zawadi alilitoa tangazo la majaribio kwenye folda; akishapeleka hulirudisha, aendelee kulijaribia.

Niliporudi nikaandika hatua ya tano. Baadaye nikamsomea orodha yote, kumi na moja, akasema, “Sawa, mzee.” Jana nilimuuliza kwa nini hakuniambia kuna hatua imekosekana. Alichezea kifuniko cha kalamu.

“Niliona haipo,” akasema. “Nikajua mhariri ameshaamua. Labda umetaka kulifuta lile tangazo mwenyewe. Ningekuulizaje?”

Simlaumu. Mtu anayeitwa mzee akisoma orodha kwa sauti, binti wa watu anaitikia. Ndivyo alivyolelewa, na mimi ningemshangaa angefanya vingine.

Sasa hilo tangazo la majaribio.

Method ndiye fundi mitambo wetu. Yeye ni Mkatoliki wa Kinole, mimi ni Mwislamu niliyezaliwa mjini, lakini sote ni Waluguru, na kwetu ukoo unafuata mama. Ukoo wa mama yake na ukoo wa mama yangu ni watani. Asiyejua utani wa koo atauona ukatili. Tangu tufahamiane ameshanizika mara nyingi. Nikikohoa anauliza kaburi lichimbwe upande gani. Nami humrudishia. Na siku ya msiba wa kweli mtani ndiye anayeingia bila hodi, anashika jembe, anawatania wafiwa mpaka wanakula.

Jumanne ya wiki iliyopita Zawadi aliniomba tangazo refu la kujaribia, aone kama maneno yanakaa vizuri kwenye simu ndogo. Method alikuwa amepita dakika hiyo akiniambia nimeanza kunuka sanda. Nikaandika hivi:

“Tunasikitika kutangaza kifo cha Method, mwana wa Anastazia wa Kinole, kilichotokea leo asubuhi. Marehemu amefariki kwa kushiba wali wa Dakawa, sahani ya sita. Hakuacha mali, ameacha madoa ya mchuzi. Watani mnaombwa msilie, hakustahili.”

Method alisoma juu ya bega langu, akacheka mpaka akashika meza. Akasema nimemdhulumu, sahani zilikuwa saba.

Jumamosi saa nne na dakika kumi asubuhi. Udongo ulikuwa umeporomoka barabara ya Kinole, magari hayapiti. Zawadi alikuwa kwenye mapumziko yake. Niliandika tangazo la barabara, nikaliweka kwenye folda, nikaandika “peleka”. Mistari ikapita kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, yote ya kijani. Hatua kumi na moja, bila kosa. Nilifurahi. Nakiri nilifurahi.

Programu ikiwashwa hutuma ujumbe wa kila tangazo ambalo haijawahi kulituma. Ilikuta mawili.

Na ujumbe unaotokea juu ya simu huonyesha maneno ya mwanzo tu. Uliishia kwenye “leo asubuhi”. Wali wa Dakawa, sahani ya sita, madoa ya mchuzi: yote yalibaki ndani, kwa atakayefungua.

Mwenye duka wa Kinole hakufungua. Nimeongea naye mara mbili kwa simu na maelezo yake hayajabadilika. Alisoma alichokiona, akafunga duka, akateremka mwenyewe nyumbani kwa Mama Anastazia, kwa sababu habari kama hiyo haipigiwi mtu simu. Alimkuta anaanika mdalasini kwenye jamvi. Alimwambia kwa upole, anasema. Mama hakulia. Aliuliza Method yuko wapi. Mwenye duka akasema tangazo halikutaja. Mama akampigia mwanawe, simu haipatikani. Method alikuwa Dakawa akirekodi mkutano wa wakulima wa mpunga, na akirekodi huzima simu. Mimi mwenyewe ndiye niliyeweka sharti hilo.

Mama akavaa kanga ya pili, akaanza kupanda kwenda barabarani, atafute usafiri wa kuja mjini. Ngazi za udongo zilikuwa zimelowa. Aliteleza kwenye ya tatu au ya nne.

Saa nne na dakika hamsini mwenye duka alinipigia kuuliza maiti iko hospitali gani. Hapo ndipo nilipofungua programu na kusoma nilichokiandika.

Nilitaka kulirudisha toleo la zamani, nikakuta hakuna neno la kurudisha. Orodha yangu ilikuwa ya kwenda tu. Zawadi alikuja kwa bodaboda na nywele nusu zimesukwa, akaliondoa tangazo kwa mkono saa tano na nusu. Mimi nikaenda studio nikasoma masahihisho: Method yu hai, ni mzima, tunaomba radhi kwa familia. Nilisoma kwa sauti ileile ninayosomea habari nyingine. Sina nyingine.

Wanaume wa Kinole walimbeba Mama kwa machela hadi upande wa pili wa udongo ulioporomoka, ndipo akapata gari.

Jumapili nilikwenda wodini. Nilimwamkia, “Shikamoo, mama.” Akaitikia marahaba bila kugeuza kichwa. Nilianza kueleza: chombo, folda, ile hatua iliyokosekana. Akanyoosha mkono kidogo juu ya shuka, kunikatiza.

“Wewe ndiye uliyeandika?”

“Ni mimi, mama.”

“Ulikuwa umekaa?”

Nikasema ndiyo, nilikuwa nimekaa.

“Mtani anamzika mtu akiwa amesimama mbele yake,” akasema. “Anamwona anacheka. Mimi nilikuwa nacheka na nani kule?”

Nimewahoji mawaziri. Yeye alihitaji maswali matatu tu.

Method hajanitukana tangu Jumamosi. Ananiita “mhariri”. Jana aliniletea betri za vinasa sauti, akaniambia, “Shikamoo, mhariri, zimejaa zote.” Tunalingana umri. Kabla ya jana hakuwahi kuniamkia maishani mwake.

Leo daktari alipoondoka, Method alinifuata kwenye korido. Niliona anatafuta mahali pa kuweka mikono.

“Nilicheka na mimi,” akasema. “Niliposoma lile tangazo lako. Hilo ndilo linaloniuma. Lakini nikwambie mapema, usije ukasikia kwa watu. Mama asipotoka humu, hushiki jembe. Wewe wala mtu wa ukoo wenu.”

Akarudi ndani.

Kwa asiyetoka kwetu hilo ni neno dogo. Sijawahi kusikia mtani akizuiwa kaburini. Sijui hata kama inawezekana, na hakuna mzee wa ukoo wangu ninayethubutu kumuuliza, kwa sababu ataanza kwa kuuliza kisa.

Nilirudi ofisini saa sita. Zawadi alikuwa ameshaandika upya mfuatano. Matangazo ya majaribio sasa yanakaa kwenye folda ya pekee ambayo programu-jalizi haina ruhusa ya kuigusa. Limeongezwa neno la kurudisha toleo la zamani. Na kabla ya kupandisha chochote kazi inasimama, inaonyesha kila tangazo litakalotumwa, neno kwa neno, na haiendelei mpaka mtu aandike jina lake. Tumeijaribu mara nne. Inachukua dakika sita badala ya moja. Alinionyesha bila kuniangalia, kisha akauliza kama kuna hatua nimeona haipo.

Nilimwambia tangu leo orodha aandike yeye na mimi nitaitikia. Hakucheka. Labda halikuwa la kuchekesha.

Wenzangu wananiambia kosa ni la mashine. Nimelikagua jambo hili kama ninavyokagua taarifa ya polisi, na mashine haimo. Ilifanya hatua kumi na moja nilizoiandikia, kwa mfuatano, bila kuruka hata moja. Kwa hesabu hiyo ndiyo pekee Jumamosi ile iliyofanya kazi yake sawasawa.

Saa kumi alasiri Bernadeta amenipigia. Ni mwalimu, mtu wa maneno machache.

“Kaka Salumu, wanataka damu chupa mbili kabla ya upasuaji. Yangu imekubali. Ya Method wameikataa, presha iko juu. Kundi lako unalijua?”

Nimemtajia. Linaingiliana na la Mama.

Nikamuuliza kama Method anajua amenipigia. Hajui. Nikamuuliza kama Mama anajua damu itatoka kwa nani.

“Sitamwekea mama yangu kitu kwa kificho,” amesema. “Nitamwambia kesho akishapata uji. Akikataa, tutatafuta mwingine. Akikosekana, upasuaji unaahirishwa, na daktari hajasema mpaka lini.”

Upasuaji umepangwa Alhamisi asubuhi. Maabara inafunguliwa kesho saa moja na nusu, na nitakuwa kwenye benchi. Mama ataulizwa saa mbili.