Nyasi za Ukuta wa Gereji

Jumatatu, 8 Machi 1976
Kapteni Dawudi kaniita uwanja wa gwaride. "Mama, hii kipara inaisha lini?" Wageni wanakuja Aprili, uwanja uwe kijani, la sivyo nikaeleze kwa wakubwa. Kueleza! Waliokwenda kueleza hatujawaona tena. Na mimi, mtunza bustani wa kambi, nyasi nimepanda mara tatu. Zote njano, zote kwaheri.

Jumanne, 9 Machi
Nimegundua! Opio, fundi wa magari, anapasua betri mbovu nyuma ya gereji, na mvua inateremsha uchafu wote uwanjani. Madini ya risasi, yale mazito ya betri. Miaka sita ya kuosha chupa maabara ya mimea haikupotea bure. Lakini—pale pale kwenye lundo, chini ya ukuta, nyasi zinacheka! Zimezoea sumu kama Opio alivyozoea pombe yake ya waragi. Nilimwambia hivyo. Kanuna.

Jumanne, 16 Machi
Makopo mawili, udongo wa uwanjani. Nyasi za kanisani Nsambya zimelala. Nyasi za ukuta—wima! Kanisa limeshindwa na gereji. Kesho napanda za ukuta.

Jumatano, 21 Aprili
Kijani! Wageni wamesifu. Kapteni kanipa mkono mbele ya watu, kaniita profesa. Kichwa kimevimba. Nyasi zimetoka wapi sikusema. Nikisema, nimesema kambi ina sumu.

Ijumaa, 7 Mei
Mungu wangu. Uwanjani kuna ng'ombe! Wa Kapteni. "Profesa, nyasi tamu hii iende bure?" Mdomo tu ulicheka. Nyasi hizi zinaishi na sumu, haziimalizi. Imo majanini, na ng'ombe anaila. Nikajaribu: "Afande, nyasi ya gwaride inaharisha ng'ombe." Kajibu, ng'ombe yake ni mwanajeshi.

Jumapili, 23 Mei
Maziwa! Kapteni anagawa bure, kwa moyo mweupe kabisa. Hata sokoni Kikuubo siku hizi huyapati. Kikombe cha kwanza kaniletea askari wake—cha profesa. Anasubiri mlangoni nimalize. Nimemwambia yanapoa. Yako hapa kando ya daftari, na utando juu.
Haya naweza kumwaga dirishani. Lakini nje watoto wa kambi wamepanga mstari na vikombe vyao, Kapteni anachota mwenyewe, anacheka nao. Binti yangu Aber ni wa tatu.
Sasa ni wa pili.
Naogopa. Viatu viko wapi