Ng'ombe Wasihamishwe Wote Kiangazi Hiki

Nairobi,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa Baba yangu mpendwa,

Ninawasalimu nyote hapo Zombe, nikimshukuru Mungu kwamba mkono huu bado una nguvu ya kushika kalamu. Mguu wa mama, Mwaitu wangu, unaendeleaje? Mara ya mwisho nilisikia anakwenda maombi ya akina mama akishikwa mkono na mdogo wangu Mutheu, na hilo limenikaa rohoni. Je, mbaazi mmevuna za kutosha, au wadudu walizimaliza kama mwaka jana? Mimi mwili ni mzima. Kikohozi kimekwisha. Lakini moyo haujatulia hata kidogo, na nisipokuambia wewe sina mtu mwingine wa kumwambia.

Barua hii nimempa Mama Kalekye wa viondo aifikishe mkononi mwako. Sikuitia posta kwa sababu itachelewa kufika kwenye sanduku la kanisa, na pia sitaki mtu aisome kabla yako. Nakuomba, Baba, ukishaisoma usiiache mezani. Kama itakubidi kuongea na chifu, ongea naye kwa mdomo tu, na usinitaje.

Jambo lenyewe ni kyengo chetu, kambi yetu ya malisho kule mashariki, ambako Baba mdogo Kilonzo yuko na ng'ombe sasa hivi. Kuna mpango wa kuichukua sehemu hiyo yote na kuikodisha kwa kampuni inayotaka kufuga ng'ombe wa nyama. Na mimi, Baba, mimi binti yako uliyemuuzia fahali ili asome, ndiye niliyesema ichukuliwe. Sikujua ninachosema. Lakini nilisema.

Ngoja nieleze kwa utaratibu. Unajua ofisi yetu ina kazi ya ramani. Siku hizi ramani nyingi hazichorwi kwa kutembea na mnyororo wa kupimia kama zamani. Kuna chombo, wanakiita setilaiti, kinachopita juu sana kuliko ndege, na kila baada ya majuma mawili hivi kinapiga picha ya nchi ileile. Picha zenyewe zina rangi za ajabu. Majani mabichi huonekana mekundu, maji huonekana meusi. Watu na nyumba havionekani, ni vidogo mno.

Mwezi wa tano mkubwa wangu, Bwana Simiyu, aliniita mezani kwake. Alikuwa na picha ya Kitui imetandazwa, yote rangi ya kijivu na udongo, kama ngozi ya mbuzi iliyokauka.

"Nduku, wewe si mtu wa Kitui?"

"Ndiyo, bwana."

"Huku chini ya Zombe, ukienda mashariki. Kuna mtu anaishi huku?"

Baba, nilijibu vile ungejibu wewe, vile nyanya yetu Susu angejibu. Nilisema, "Hapana, bwana. Huko hakuna mtu anaishi." Kwani ni uongo? Sisi nyumbani ni Zombe. Kule hakuna aliyejenga nyumba ya mabati, hakuna kaburi, hakuna kanisa, wala hakuna mwanamke aliyewahi kuolewa akaambiwa ameolewa kyengo. Mtu akiwa kyengo tunasema hayuko nyumbani. Ndivyo tulivyo, na haikunijia hata kidogo kwamba mtu wa Nairobi akiuliza "anaishi" anauliza kama pana mtu mwenye haki na mahali pale.

Bwana Simiyu akaandika. Akaniambia, "Asante, umetuokolea safari." Maana walitakiwa kwenda na Land Rover kuangalia kwa macho, na petroli haikuwepo. Mimi niliwekwa mahali pa Land Rover. Na nikuambie ukweli, nilitoka pale nikiwa nimefurahi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza aliniita kwa jina badala ya kusema "wewe karani."

Mwezi huu ndio nimeletewa jedwali la matumizi ya ardhi nilichape. Nikafika kwenye mstari wa kwetu: "Vichaka. Hakuna matumizi. Imethibitishwa na mwenyeji." Mwenyeji huyo ndiye mimi. Niliacha kuchapa.

Siku hiyohiyo akaja mgeni wa kampuni ile ya ng'ombe, mtu mnene, mcheshi, na bomba la karatasi kwapani. Ndani yake alikuwa na picha yake mwenyewe, ya sehemu ileile, lakini ya baada ya mvua. Mzee Hamisi, fundi wetu wa kuchora, akaiweka kwenye meza ya taa tukainamia wote. Baba, ilikuwa nchi nyingine. Nyekundu kila mahali, na katikati ya wekundu ule doa moja jeusi, limezungukwa na duara jeupe la ardhi iliyokanyagwa.

"Hili jicho ni nini tena?" Mzee Hamisi akauliza.

"Ndilo tunalolitaka hilo," mgeni akasema. "Bwawa la Mungu, mzee. Hatutachimba hata karai moja."

La Mungu! Ile ni silanga yetu. Mimi nilikuwa darasa la nne. Mwethya mzima, majirani wote kwa pamoja, ulichimba viangazi vitatu, akina mama wakibeba udongo kwa karai, wewe ukarudi na kidole kilichovunjika ambacho hakijanyooka hadi leo. Nilitaka kusema yote hayo. Nilichosema ni, "Samahani, bwana, tunaweza kubaki na nakala?"

Alicheka. "Msichana mzuri, hii si ya serikali. Imenunuliwa. Ukitaka yako, agiza yako."

Kuagiza ndiko kusikowezekana. Zamani picha hizi ziliuzwa na serikali ya huko zinakotoka, kwa bei ambayo hata ofisi kama yetu iliweza. Sasa kazi ya kuuza imepewa kampuni ya hukohuko, bei imeruka, na kila picha inakuja na karatasi ya kutia sahihi kwamba hutaitolea nakala wala kumwazima mtu. Kwa hiyo ofisi yetu inanunua moja moja, na inachagua isiyo na mawingu ili pesa zisipotee. Na kwetu picha isiyo na mawingu ni ya mwezi gani? Ni ya mwezi wa tisa. Silanga imekauka, ng'ombe wamerudi Zombe, majani yamekwisha. Mwenye pesa ananunua hata nne za wakati wa mvua hadi apate iliyo safi. Mtu wa nje anaiona nchi yetu ikiwa hai, serikali yetu inaiona ikiwa imekufa, na chombo kilichopiga ni kilekile. Hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Nilikwenda kwa Bwana Simiyu.

"Bwana, kule chini ya Zombe kuna watu."

"Wangapi?"

"Wanakuja na kuondoka, bwana."

"Mwezi wa tano hakuna mtu, mwezi wa saba kuna watu. Wamezaliwa lini hao?"

Chumba kizima kilicheka. Nikajaribu kueleza kyengo, lakini Kiswahili kilinitoka, Kiingereza kikanitoka. Akasema, "Lete picha inayoonyesha hayo." Nikasema picha anayo yule mgeni. "Basi kamwombe." Si mtu mbaya, Baba. Na yeye ana mkubwa wake anayesubiri jedwali, na kubadilisha neno ni kukiri kwamba hakwenda kuangalia.

Mzee Hamisi alinifuata kwenye kabati la chai. Yeye ni Mwislamu wa Kitui mjini, babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, lakini ukimsikia akiongea Kikamba hutamtofautisha na mtu wa Kalamba.

"Binti, usinitazame hivyo. Kyengo nakijua, maziwa yake nimekunywa. Lakini nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Mimi hapa nachora, sisemi."

"Sijakuuliza kitu, mzee."

"Umeniuliza kwa macho." Akakoroga chai yake. "Chini ya jedwali kuna nafasi ya maelezo. Watu huiacha wazi, ni uvivu tu. Kikiandikwa kitu pale, hakifutwi mpaka mtu aende kuangalia kwa miguu yake. Mimi sijakuambia lolote. Sukari iko wapi?"

Nilikaa na maneno hayo siku tatu. Ijumaa nikachapa: "Picha ni ya mwezi wa tisa, wakati wa ukame. Sehemu hii hutumiwa na wafugaji wakati wa mvua, na bwawa lililopo lilichimbwa nao. Haijakaguliwa ardhini. Jibu la awali la mwenyeji halikuwa kamili." Chini yake nikaandika jina langu lote, lile la shuleni.

Bwana Simiyu alisoma mara mbili. "Unajua hii maana yake lazima twende?"

"Najua, bwana."

"Na petroli ni mpaka mwezi wa tisa. Tukifika tusikute mtu?"

Nilimsogezea faili.

"Basi nitaandika kwamba karani wangu alisema mambo mawili, na yote mawili ya uongo. Halafu utatafuta kazi nyingine." Akaifungia faili kwenye droo.

Sasa umeona, Baba, kwa nini nina haraka. Watakuja mwezi ambao tangu zamani hatujawahi kuwa huko. Baba mdogo ataona maji yamebaki tope, atafungua boma, atawaleta ng'ombe nyumbani kama kila mwaka, na Land Rover itafika kwenye miiba mitupu. Mwambie asihamishe wote. Wabaki hata mbuzi kumi na ng'ombe wawili, ua usichomwe, moto usizimwe. Maji yaletwe kwa punda kutoka mtoni. Na wengine wenye syengo, kambi zao, karibu yake wafanye hivyohivyo, lakini wasiambiwe habari imetoka wapi. Wazee waliochimba silanga waandike majina yao na kuyapeleka kwa DO na kwa baraza la wilaya kabla jedwali halijafika huko.

Najua ninachowaomba. Najua ni safari ya siku nzima kwa mtungi wa maji, na mifugo itakonda. Najua Shangazi Syombua ndiye atakayebaki huko akipika, na ana mimba. Nimefikiria njia nyingine na sikuipata.

Mpe Mwaitu salamu zangu, umwambie ile leso nitaituma. Msalimie Susu, usimweleze haya, ataanza kuja Nairobi kwa miguu. Msalimie Mchungaji na umwombe aniombee, bila kumwambia sababu. Mutheu asome kwa bidii, ana mtihani, na mimi namtegemea kuliko anavyojua.

Baba mdogo Kilonzo mwambie hajakosea kitu. Mimi ndiye niliyesema hakuna mtu. Kwa hiyo nimeandika ombi la likizo ya majuma mawili mwezi wa tisa, na nikinyimwa nitakuja vilevile. Anitafutie punda mpole. Bwana Simiyu atakaposhuka kwenye Land Rover na kuuliza kama kuna mtu, nataka anikute mimi pale, nikinywesha ng'ombe.

Ni mimi binti yako, mwenye hofu lakini mzima,

Nduku