Ukurasa Nilioufuta kwa Mapenzi

Jumatatu, 9 Juni

Nimeanika kakao ya mama mkwe, nimeosha vyombo, nimerudi kukaa karibu na mume wangu. Lusajo hainui kichwa kwenye kompyuta. Namtazama tu. Ndoa bado mbichi, kila nikimwona moyo unaruka. Mama mkwe anatania kwamba nimekuta mke mkubwa humu ndani, naye anatumia umeme.

Programu anayoiandika inakaribia kwisha. Kakao inapimwa, simu inaandika kilo, printa ndogo inatoa risiti. Maneno yote ya Kiswahili nimeyaweka mimi. Kampuni moja ya Mbeya inataka kuinunua na kuifunga, asiwepo mtu wa nje wa kuona ilivyoandikwa ndani. Wakilipa, tunahama chumba hiki cha uani na kupanga nyumba Kyela mjini. Nyumba yetu wawili. Nimeshachagua rangi ya mapazia.

Jumatano, 11 Juni

Leo nimempa zawadi, ila bado hajui. Alipokuwa shambani nilikuwa napanga maneno. Nikakuta ukurasa mrefu wa Kiingereza. Jina la mtu wa mbali, mambo ya leseni, herufi ndogo kama siafu. Ukurasa mbaya kwenye programu nzuri. Nikaufuta, na faili lake pia. Nikaandika: Imetengenezwa na Lusajo wa Talatala, peke yake.

Jinsi jina lake lilivyokaa pale. Karibu nilie.

Amerudi na haraka, ameituma Mbeya bila kuifungua. Nakala moja ameiweka kwa wakala wa kakao hapa Talatala, nyingine amemtumia Mama Chisomo wa Lyulilo. Yeye anauza usipa, dagaa wa ziwani, na vyungu, kwao ni Malawi. Wataijaribu, mmoja kwa kakao, mwingine kwa usipa.

Jumamosi, 14 Juni

Siku mbaya. Mtaalamu wa kampuni amepiga simu. Ameifungua programu na kukuta sehemu inayochapa risiti si kazi ya Lusajo. Anauliza mwenye kazi hiyo ametajwa wapi, na kwa nini imeandikwa “peke yake”. Nimesikia kila neno. Lusajo amenitazama mara moja. Kisha akasema kwenye simu, “Kosa langu, mkuu. Sikuangalia kabla ya kutuma.”

Hakunitaja.

Nikamwambia yote. Hakufoka. Afadhali angefoka. Amenieleza taratibu, kama ninavyoeleweshwa nikiwa mgonjwa. Sehemu hiyo inaitwa laibrari. Mwenyewe, yule mtu wa mbali, ameitoa bure kwa dunia nzima, hata kwa wanaouza programu za kufungwa. Anataka mambo machache tu. Jina lake libaki. Leseni yake iende pamoja na kila nakala. Sehemu yake iachwe mahali pake, anayetaka kuibadilisha aweze. Lusajo alikuwa ameyatimiza yote. Msimbo wetu wenyewe, yale aliyoandika Lusajo, tungeweza kuufunga bila kosa.

Nimemfanya mume wangu aonekane mwizi wa kitu alichopewa bure.

Jumatatu, 16 Juni

Ameurudisha ukurasa. Kazi ya muda mfupi tu, ndiyo inayoniuma. Ametuma nakala mpya Mbeya. Amemwandikia pia yule mtu wa mbali, kamwomba radhi. Nilitaka kupiga simu kampuni niseme ni mimi. Amekataa.

“Aliyetuma ni mimi. Wewe tulia.”

Ugali ulikuwa mbichi. Ameula wote.

Ijumaa, 20 Juni

Mbeya wamekataa. Wanasema hawana hakika ni kitu gani kingine hakijaonyeshwa. Wakiiuza kwa wateja wao na mwenye haki akajitokeza, watashtakiwa wao. Nimejaribu kuwachukia, nimeshindwa. Wana haki.

Mama mkwe kaniona nalia jikoni. Akasema chumba cha uani hakivuji, kwa hiyo nipunguze mimi kuvuja. Nikacheka kidogo. Najuta sana.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya ibada tumekwenda Lyulilo. Kwa wakala wa Talatala tulishabadilisha, alibaki Mama Chisomo. Alikuwa anapokea vyungu kutoka kwenye mtumbwi.

“Bwana arusi, umekuja kuninyang'anya programu?”

Lusajo akamweleza. Akaweka nakala mpya. Mama Chisomo akafungua ukurasa ule, akausoma polepole, kidole kwenye kioo.

“Huyu ni ndugu yenu?”

“Hatumjui,” Lusajo akasema.

“Hamumjui, na amekaa juu ya jina lako?”

“Risiti unazotoa ni kazi yake, mama.”

Akatikisa kichwa, akatufungia usipa.

Tulisubiri bodaboda tukitazama ziwa. Maji yametulia. Lusajo akaniuliza kama kuna kitu kingine nilichogusa. Nikasema hakuna. Ni kweli, hakuna. Akaitikia vizuri, akanishika mkono.

Kisha kwa mkono mwingine akafungua programu, akaanza kupitia ukurasa mmoja mmoja. Nikamwacha amalize.