Diski ya Rukuba na sauti ya dalali

Jumatano, Musoma. Mawingu yamelala juu ya ziwa tangu asubuhi, mvua haijashuka.

Sauti ya Mzee Magesa ipo, nzima. Amethibitisha Nyangeta, fundi wa kompyuta kutoka Bunda, leo alasiri, baada ya kuifungua mbele yetu na kuisikiliza mwanzo hadi mwisho.

Mzee Magesa alikuwa dalali wa ng'ombe mnadani. Nilimrekodi akinadi, kwake Butiama, kabla hajafanyiwa upasuaji wa koo. Sasa haongei. Akitaka kitu anagonga meza. Jumapili ukoo unakutana, na wajukuu wengi hawajawahi kumsikia akinadi.

Nakala ilikuwa moja tu, ndani ya kompyuta kubwa ya redio yetu.

Hatukuzembea. Ndivyo tunavyofanya kazi. Tuna diski moja ya kusafiri nayo, ndogo, tunaiita diski ya Rukuba kwa sababu huko kisiwani ndiko inakokwenda zaidi. Ukirudi, unahamishia sauti kwenye kompyuta kubwa, kisha unaifuta diski ili mwenzako apate nafasi.

Jana kompyuta ilikataa kuwaka. Skrini nyeusi, mistari ya Kiingereza, na mwisho wake taarifa kwamba diski ya kuanzia haijapatikana.

Mhariri wetu, Chacha, alisema diski ya ndani imekufa. Tufomati, yaani tufute kila kitu, tuweke mfumo upya, matangazo yaendelee. Sikumpinga. Nilimwomba siku moja tu, na hata hiyo niliiomba kwa sababu sikuthubutu kumpigia simu Wankuru, binti wa mzee, anayekaa Mwisenge.

Nyangeta alifika na basi la asubuhi. Hakugusa chochote.

"Kabla haijagoma mlifanya nini?"

"Hakuna," alisema Chacha.

"Kaka, kila kompyuta niliyotengeneza mkoa huu iliharibiwa na huyo Hakuna. Siku nikimkamata!"

Chacha akacheka, kisha akakumbuka: juzi aliruhusu mfumo ujisasishe. Kerneli ikabadilika. Nyangeta alitueleza kwamba hicho ndicho kiini cha mfumo, kinachoamka kwanza na kuzitambua diski zilizopo. Akaiwasha kompyuta huku ameshikilia kitufe, ikatokea orodha, akachagua kerneli ya zamani.

Ikawaka. Tukapiga makofi.

Yeye hakupiga. Kwanza alinakili sauti ya mzee kwenye flashi yake, akaisikiliza yote. Kisha akaizima kompyuta na kuiwasha kwa kerneli mpya. Ikagoma kama jana.

Nimeripoti habari miaka mingi na nimewaona mafundi wengi. Wengi wangeishia kwenye makofi, wakala chakula cha mchana, wakaondoka. Huyu aliirudisha kompyuta kwenye ugonjwa kwa makusudi ili auone vizuri.

Akainama nyuma ya mashine. "Na hii?"

"Ni ya Rukuba," nikamjibu. "Huwa tunaichomekaga kabla ya kuwasha."

"Kwa nini?"

 Chacha ndiye aliyekumbuka: kompyuta tuliyokuwa nayo kabla ya hii haikuiona diski hiyo ukiichomeka baadaye. Kompyuta ile iliuzwa zamani. Desturi yake ikabaki.

Nyangeta akaichomoa, akawasha kwa kerneli mpya. Ikawaka bila shida.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Kompyuta iliagizwa ianzie kwenye diski ya kwanza. Kerneli ya zamani ilihesabu ya ndani kwanza. Mpya inaanza na ya nje. "Kwa hiyo tangu jana inajitafuta kwa wavuvi wa Rukuba," alisema. "Na nyie mlitaka kumzika mzima."

Chacha akaichukua flashi ya kufomatia iliyokuwa mezani, akaitia mfukoni.

Nyangeta akabadilisha agizo: kompyuta isifuate foleni tena, itafute diski yake kwa namba ya utambulisho, popote ilipopangwa. Akairudisha diski ya Rukuba mahali pake, akawasha. Ikawaka. Akazima, akawasha tena. Hapo ndipo aliponawa mikono na kuuliza kama kuna sato.

Wankuru alipiga simu tukiwa tunakula; habari ya kompyuta kugoma ilikuwa imeshamfikia. Hakusalimia.

"Ipo au haipo?"

"Ipo."

Akasema atamwambia baba. Baadaye akatuma ujumbe: mzee amegonga meza mpaka kikombe kikaanguka.

Kuanzia leo diski ya Rukuba haifutwi mpaka nakala ya pili iwepo. Chacha amekubali.

Jumapili baada ya ibada, Butiama. Nitapitia Wankuru Mwisenge. Nyangeta atatokea Bunda. Anasema anataka kuwasikia wakiuzwa ng'ombe aliowaokoa.