Tumbako Moja, Mikono Mbili

Mujukuu wangu Furaha,

Huku Bunia siye wote tuko muzima, na baba yako ameezeka nyumba mabati mapya. Unauliza kwa nini laboratwari tatu zinapima moshi wa tumbako moja ya kusokota, na kila moja inapata namba yake.

Wakati wa vita, mama mukimbizi wa Komanda alikuwa anauza tumbako karibu yangu sokoni. Yake ikachoma watu koo. Wakasema ametia sumu, wakaokota mawe. Miye nikamupa tumbako yangu, akaisokota mu karatasi ya kaye, daftari ya masomo, nikaivuta mbele yao. Ikanichoma vilevile! Mu kusokota, yeye alikuwa anashindilia, miye nalegeza. Wakaangusha mawe.

Basi, mbele ya kusema laboratwari fulani inadanganya, uliza nani alisokota. Yule mama ndiye alimuzaa mama yako.

Koko yako